Enzi Zile Hakuna Aliyeiba

Batma alikuwa na ng'ombe mmoja, mume mmoja na wajukuu wawili, na katika hao wote aliyemtegemea ni ng'ombe. Wajukuu walikuwa wadogo, kazi yao kula na kuchana nguo. Baba yao, Ermek mwana wa Batma, na mama yao walikuwa Urusi wakifagia theluji ya watu wengine, kana kwamba ya nyumbani imekwisha. Na mume, Beyshe, kazi yake ilikuwa kukumbuka.

Msicheke, kukumbuka nako ni kazi. Beyshe aliamka nayo na kulala nayo. Ukimwekea mkate, alikuambia mkate wa enzi zile ndio ulikuwa mkate. Ukimpa chai ya maziwa, aliinusa kwanza kama askari wa forodha, akasema maziwa ya siku hizi ni maji yaliyotiwa chokaa. Na maziwa yenyewe ni ya Kashka, ng'ombe wao wa paji jeupe, aliyekamuliwa na mkewe asubuhi ile ile. Hata baridi alikuwa na neno nayo.

"Baridi ya enzi zile ilikuwa safi," alisema. "Haikuingia kwenye mifupa."

"Haikuingia kwa sababu mifupa yenyewe ilikuwa mipya, baba Ermek," Batma alimjibu. "Kunywa chai."

Enzi zile ni enzi za shamba la ushirika. Kila kitu kijijini Ak-Terek kilikuwa cha ushirika: kondoo, ng'ombe, mabonde ya majani ng'ambo ya mto, matrekta, na watu pia, ukitaka kusema kweli. Beyshe alikuwa msimamizi wa kikosi cha kukata majani ya kulisha mifugo wakati wa theluji, na Batma alikuwa mkamuaji kwenye banda refu la ng'ombe. Serikali ya Kisovieti ilipoanguka, ushirika ukaanguka nayo. Banda likaondoka mabati kwanza, kisha madirisha, kisha milango, kisha likaanza kuondoka tofali moja moja. Leo hakuna nyumba Ak-Terek isiyo na tofali la banda ukutani mwake, na hakuna mtu Ak-Terek anayejua nani alibomoa banda.

Kilichosalia ni kipande cha ukuta kinachotazama jua. Hapo ndipo wazee walipokaa mchana, kofia zao nyeupe kichwani, wakitengeneza enzi zile. Nasema wakitengeneza, maana zilizidi kung'aa kila mwaka. Mwanzoni walisema tu kwamba enzi zile kulikuwa na unga. Baadaye wakasema ulikuwa mweupe. Mpaka kufikia wakati wa kisa hiki, unga ule ulikuwa karibu unajikanda wenyewe.

Lakini wimbo alioupenda Beyshe kuliko zote ulikuwa wa wizi.

"Majani yetu yalilala uwanjani, hapa hapa nyuma ya banda, tangu vuli mpaka theluji inayeyuka," alisema. "Hayana mlango, hayana kufuli. Mlinzi mmoja tu, Doolot huyu. Unyasi mmoja haukupotea. Au nasema uongo, mzee Doolot?"

Doolot alikuwa mzee kuliko wote pale, masikio yake mazito, meno yake yamemuaga. Alitikisa kichwa. "Haukupotea," alisema.

Mavi ya kale hayanuki, Batma aliwaza, akipita na ndoo zake. Kwa sababu yeye alikuwepo. Alikumbuka mfuko wa mpira, ule wa maji moto wa kumwekea mgonjwa tumboni. Enzi zile wakamuaji wote wa Ak-Terek waliumwa tumbo mwaka mzima, na jioni walitoka bandani wakitembea taratibu kama wajawazito, lita mbili za maziwa ya ushirika zikicheza chini ya gauni. Alikumbuka pia koti la Beyshe la ngozi ya kondoo, lililoshonwa mfuko kwa ndani, toka kwapani mpaka gotini. Aliyeushona ni yeye Batma, kwa uzi wa mshipa wa ng'ombe. Mume wake alirudi nyumbani mnene, akaingia zizini, akatoka mwembamba.

Na jambo lililomshangaza ni hili. Mtu mwongo ana nafuu, ukimkazia macho hukwepa. Beyshe hakukwepa. Alikuwa amesahau kwa moyo mweupe kabisa, kama mtoto mchanga.

Yote hayo yangebaki maneno ya ukutani kama kiangazi kile wazee wasingeona kwamba vijana wa kukata majani wamekwisha kijijini. Wote wako Urusi na wake zao. Mtu mzima wa miaka sitini, peke yake na mundu wake mrefu ng'ambo ya mto, anakata kidogo kuliko anavyolala chini ya kichaka. Ndipo Beyshe alipoingia nyumbani siku moja, kifua mbele, kama aliyeteuliwa waziri.

"Tumeamua. Tutakata pamoja kama zamani, turundike pamoja nyuma ya banda. Rundo moja la wote. Kila Ijumaa, baada ya msikiti, kila nyumba inapewa kulingana na wanyama wake."

"Nani atalinda?"

"Doolot."

"Doolot hasikii hata mlango wake ukigongwa."

"Enzi zile alilinda."

Batma akaweka chini kinu cha siagi. "Baba Ermek, nisikilize. Kashka ana mimba. Atazaa mwezi wa tatu, na mwezi wa tatu ndio majani huisha kila mahali. Akikosa majani, tunamchinja, na tukimchinja, hawa watoto watakunywa chai nyeusi mpaka baba yao arudi. Majani yangu nataka yakae juu ya paa la zizi langu, nikiinua kichwa nayaona."

"Huna imani na watu wewe."

"Nina imani nao sana. Nawajua."

"Roho ya kibepari!" alisema Beyshe, na akatoka nje kwa hasira, kofia imekaa upande.

Angeshinda Batma, si siri, maana katika nyumba ile aliyekuwa na ufunguo wa ghala ndiye aliyekuwa na ufunguo wa maneno. Aliyemwangusha ni Uulkan, jirani yake, mjane, mwanamke mwenye midomo myepesi na mikono myepesi zaidi, aliyekamua naye pamoja tangu usichana. Uulkan alikuja kuazima chachu, akakaa, akanywa vikombe vinne, ndipo akaanza.

"Dada Batma, unakumbuka kambi ya majani? Wanawake wote kwenye hema moja, chungu kimoja cha nyama kwenye moto, wewe unaimba mpaka wanaume wa ng'ambo wanaacha kukata? Sauti yako ile! Nimewahi kusikia nyingine kama ile, mimi?"

Harufu ya majani mabichi ilimjia Batma puani kama mtu kaifungulia dirisha. Alijiona na shingo ndefu na shungi la nywele nyeusi, mto unameremeta, wote wanacheka.

"Nilikuwa na sauti kweli," alisema.

"Basi twende tukaimbe. Kabla hatujafa."

Akaenda. Mwanamke mwenye akili zake timamu, aliyemcheka mumewe miaka yote kwa ulevi wa kumbukumbu, akalewa kwa kikombe kimoja.

Waliimba siku ya kwanza, jioni, nyimbo mbili. Ya tatu hakuna aliyeijua mwisho wake. Siku ya pili nzi wakubwa wa mtoni waliwala shingo, mgongo ukakataa kunyooka, na ugomvi ukaanza kuhusu nani anakata na nani anajitegemeza kwenye mundu wake kama picha ya ukutani. Uulkan alipika nyama, na kila nyumba ikadai kwamba kipande chake kilikuwa kikubwa zaidi kabla hakijaingia chunguni.

Na pale, ameinama na reki mkononi, jua limemkalia kisogoni, kitu kingine kilimjia Batma, bila kuitwa. Kiangazi kile alichokuwa akiimba, Ermek alikuwa na miezi mitatu. Alimwacha nyumbani kwa mama mkwe, anywe maziwa ya mbuzi, kwa sababu ushirika haukutaka watoto kambini. Maziwa yake yalimwagika kifuani mchana kutwa, gauni limeganda, na alienda kuyakamua mtoni peke yake akilia, kisha ananawa uso, anarudi hemani, anaimba. Aliimba ili asisikike akilia. Sauti aliitunza kichwani miaka yote hii kama kito. Kilio alikiacha mtoni, na hakuwahi kurudi kukichukua.

"Mbona umesimama?" Uulkan aliuliza.

"Nilikuwa naimba vizuri kwa sababu gani, unakumbuka wewe?"

"Ulikuwa na furaha!"

"Ee," alisema Batma, akaendelea kukusanya majani.

Rundo lilipokamilika lilikuwa zuri, tusimnyime mtu haki yake. Kubwa kama msikiti, limechanwa kwa reki, mabua yote yanatazama chini ili mvua iteleze. Beyshe alilizunguka mikono nyuma kama bwana harusi. Doolot akapewa kiti, koti na fimbo. Theluji ikaanguka, na kila Ijumaa watu wakaja na magari yao ya kuburuta, wakagawiwa, wakatakiana heri. Mwezi mmoja ukaenda hivyo, wazee wakanenepa kwa kiburi.

Kisha, Jumatano moja mchana, Batma aliingia zizini kuzoa samadi, akakuta hori la Kashka limejaa.

"Baba Ermek! Haya majani yametoka wapi?"

"Kwenye rundo," alisema Beyshe, anajipangusa kola.

"Leo si Ijumaa."

"Nilikuwa napita."

"Ukipita, ndiyo yanakufuata?"

"Mama Ermek, acha makelele. Ng'ombe ana mimba, wewe mwenyewe umesema."

"Umeiba."

Beyshe aliumia. Kweli aliumia, macho yalimlengalenga. "Mimi niibe? Ni ya wote yale. Mimi si mmoja wa wote? Mtu anajiibiaje? Na sikugusa ya mtu, nimechukua upande wetu."

"Rundo la mviringo lina upande?"

Batma akamvuta koti, akalifungua. Ndani, kutoka kwapani mpaka gotini, mfuko ulikuwa pale pale. Uzi wake wa zamani umeshika vilevile. Kazi nzuri haiozi. Na Beyshe aliutazama mfuko ule kama anauona kwa mara ya kwanza. Ulimi wake ulikuwa umesahau kila kitu, lakini mkono, mkono ulijua njia wenyewe, kama farasi anayemrudisha mlevi nyumbani.

Kesho yake Batma alikwenda kulitazama rundo kwa macho yake. Kutoka barabarani lilikuwa zima, zuri, limevaa theluji yake. Akalizunguka mpaka upande wa mtoni. Upande wa mtoni lilikuwa pango. Lilikuwa limekwanguliwa kwa ndani, kwa adabu, mkono kwa mkono, mpaka mtu mzima angeweza kuingia na kukaa. Theluji ya chini ilikuwa imekanyagwa na viatu vya sufu vya kila saizi ya Ak-Terek. Na Doolot upande wa barabara, kitini, anasinzia kwa heshima.

Watu hawa wangemkata mwizi wa kondoo mkono. Uulkan hakuwahi kugusa hata kijiti kwenye paa la jirani. Ukiacha shanga zako kwake, unazikuta zimesafishwa. Lakini rundo la wote? Lile halikuwa la mtu. Batma alisimama kwenye pango akiwalaani wote kwa majina ya baba zao, mpaka alipohisi kitu kinamchoma shingoni. Akatazama chini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umechomoa konzi la majani na kulishindilia kifuani, ndani ya gauni, juu kidogo ya pale palipokuwa pakikaa mfuko wa mpira. Hakuwa ameutuma mkono ule.

Alisimama kidogo akifikiri. Kisha akaongeza konzi jingine, maana Kashka ana mimba, akaenda zake.

Mwisho wa mwezi wa pili, Ijumaa, mbele ya watu wote, rundo likakaa chini. Halikuanguka kwa kishindo. Lilipumua tu, likajikunja kama mzee anayekaa. Watu wakatazamana. Hapo ndipo kila mtu alipokuwa hakimu. Wenye kondoo wakawatuhumu wenye farasi, wa mtaa wa juu wakawatuhumu wa mtaa wa chini. Beyshe alipanda juu ya kilichobaki, kofia mkononi.

"Aibu!" alilia. "Watu wa siku hizi! Enzi zile majani yalikaa hapa mpaka masika, na hakuna aliyeiba! Muulizeni Doolot!"

"Hebu tumuulize," alisema Batma. Wake wa kijiji husimama pembeni kwenye mambo ya wanaume, lakini siku hiyo alisogea mpaka kwenye kiti cha mlinzi, akainama sikioni mwake. "Mzee Doolot! Enzi zile kweli hakuna kilichopotea?"

"Hakikupotea, mkwe wetu," alisema Doolot, kwa sauti ya kiziwi, iliyofika mpaka mtoni. "Kitapoteaje? Nilijua kila kitu kiko wapi. Beyshe alibeba ndani ya koti, siku ya Alhamisi. Uulkan kwenye kigari cha mtoto, mtoto anakaa juu. Wewe ulikuwa na tumbo lako la maziwa. Kila mtu na siku yake. Na kila mtu aliniachia changu: huyu chupa, huyu mafuta ya mkia wa kondoo, huyu soksi. Watu walikuwa na adabu." Akapiga fimbo chini. "Mwaka huu mnakuja wote siku moja, mnasukumana kama mbuzi, mnapita mbele yangu na majani yananing'inia, na hata salamu hamtoi! Ndiyo maana limekwisha!"

Uulkan alitazama viatu vyake. Kisha Beyshe akashuka taratibu, akavaa kofia, akasema kwa huruma kubwa:

"Maskini mzee. Akili zimemwondoka."

"Zimemwondoka," wakasema wote kwa pamoja, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana mwaka mzima. Mtu mmoja alimfunika Doolot blanketi.

Wakagawana kilichobaki. Fungu la Batma lilitosha gari moja la kuburuta, na halikujaa. Akampimia Kashka asubuhi konzi, jioni konzi, akachanganya na mabua ya mahindi, na maganda ya viazi, na mwisho majani yaliyokuwa ndani ya godoro la Beyshe, ambaye alilala kwenye mbao na kwa mara ya kwanza hakusema lolote kuhusu magodoro ya enzi zile. Mwezi wa tatu Kashka akazaa ndama jike, mwekundu, miguu mirefu. Asubuhi iliyofuata Kashka hakusimama.

Kwetu mnyama wa namna hiyo ana jina lake, ng'ombe wa kuinuliwa. Hana ugonjwa, ni njaa tu. Amelala chini na miguu imegoma. Ukimwinua kila asubuhi mpaka jani jipya lichomoze, anapona. Ukimwacha alale mpaka jua la mchana, mlete mtu wa kisu. Na ng'ombe hainuliwi na mwanamke mmoja, mzee mmoja na wajukuu wawili.

Batma hakwenda kuita mtu. Alikaa karibu na kichwa cha Kashka, akamshika sikio, lilikuwa baridi. Beyshe ndiye aliyetoka, bila kofia. Na wakaja. Walikuja wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini, wale wale, na kamba, na magunia, na boriti. Uulkan akaingia na kitu kimefura chini ya aproni. Akakimwaga mbele ya pua ya Kashka, majani ya ng'ambo ya mto, yenye maua madogo ya zambarau.

"Nimekuletea kidogo, dada."

"Umeyatoa wapi?"

"Usiniulize."

"Siulizi. Nayajua, niliyakata mwenyewe."

Wakapitisha magunia chini ya tumbo, wanaume wawili kila upande, mmoja kwenye mkia. Wakahesabu, wakavuta. Kashka akapanda nusu, akarudi chini kama mfuko wa unga. Mtu akateleza kwenye samadi, akatukana, wengine wakacheka. Beyshe alikuwa ameshika boriti, jasho linamtoka, uso umemwiva kama wa kijana.

"Moyo, jamaa!" alipiga kelele. "Huyu mmoja ndiyo anatushinda? Enzi zile tulikuwa tunainua ng'ombe wa banda zima kabla ya chai! Mwezi wa tatu wote, kila asubuhi, safu hii tunamaliza, tunaingia safu ile! Na tunaimba!"

"Tunaimba kweli!" akasema mmoja wa kwenye kamba, na macho yakawaka.

Batma aliinua kichwa. "Na kwa nini walikuwa hawasimami, baba Ermek?"

Beyshe akafungua mdomo. Unaweza kumwona mtu akishuka ngazi gizani na kukanyaga mahali ambapo ngazi hakuna, ndivyo alivyokuwa. Akamtazama Kashka, akazitazama zile mbavu, halafu akawatazama wenzake mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa alipata shughuli na kamba yake.

"Majani yalikuwa yamekwisha," alisema polepole. "Kila mwaka, yalikuwa yanakwisha."

Hakuna aliyesema akili zimemwondoka.

"Haya," alisema Batma, akasimama, akaingiza bega lake chini ya shingo ya ng'ombe. "Pumzi moja. Vuteni!"

Wakavuta. Kashka akanguruma, akasukuma miguu ya nyuma, kisha ya mbele, moja, akayumba, ya pili. Akasimama. Alikuwa anatetemeka mwili mzima kama meza mbovu, na wanaume wote wakaanza kushangilia na kulegeza kamba, mmoja ameshaanza kusema jinsi marehemu baba yake alivyokuwa akiinua fahali peke yake.

"Asiachie mtu!" Batma alipaza sauti. "Shikeni hivyo hivyo mlivyo. Na asikumbuke mtu kitu chochote mpaka ng'ombe wangu apate miguu!"

Wakashika, midomo imefungwa. Ndama akajipenyeza katikati ya viatu vyao akitafuta chuchu.